Sindano au pampu? Ngazi ya kwanza ndiyo ndefu

Kwa walioshindwa kufika: haya ndiyo yaliyozungumzwa kuhusu sindano na pampu za insulini, mbele ya wazazi, walezi na vijana wanaoishi na kisukari aina ya kwanza, kile ambacho kongosho limeacha kutengeneza insulini. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha. Maneno ni kama yalivyosemwa.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wazazi na walezi, habari za asubuhi. Vijana, mambo vipi?

Swali lililowaleta wengi linajulikana. Mmeona kwenye simu mtoto wa Ulaya au Marekani amebandikwa kidude tumboni. Anakula, anabonyeza, anakwenda zake kucheza. Hachomi sindano. Kisha ndugu aliyeko ughaibuni akapiga simu: "Ni hela ngapi, na wa kwetu apate?" Na nyumbani pampu ikaanza kusubiriwa kama yule mgeni njoo mwenyeji apone.

Basi tukifungue kidude chenyewe. Ndani ya pampu kuna nini? Kuna kikasha cha plastiki cha kubebea insulini, nyingi zinabeba yuniti 180 hadi 300. Kuna mota ndogo ya kusukuma, betri, na kompyuta ndogo inayofuata ulichoiamuru. Kutoka hapo unatoka mrija mwembamba, na mwisho wa mrija kuna kanula, kijirija laini cha milimita 6 hadi 9 kinachokaa chini ya ngozi na kushikwa na plasta. Zipo pia zisizo na mrija, zinabandikwa mwilini moja kwa moja. Sindano haijaondoka: kanula huingizwa kwa sindano, na hubadilishwa kila siku 2 au 3. Badala ya kuchomwa mara 120 kwa mwezi, yaani nne kwa siku, unachomwa mara 10 hadi 15. Hiyo ni nafuu ya kweli, hatuidharau.

Na kuchoma kidole kupima sukari je? Pampu peke yake haipimi sukari. Zipo zinazowasiliana na kihisio, kidude cha kupima sukari kilichobandikwa mkononi au tumboni, zikaongeza au kupunguza insulini zenyewe. Ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Hata hiyo bado inakudai: unakula nini, kiasi gani? Ukiificha chapati, nayo haina macho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja wa Los Angeles, Arnold Kadish, alitengeneza mashine ya kumpa mgonjwa insulini kupitia mshipa. Ilikuwa kubwa kama mkoba wa kubeba mgongoni. Leo imepungua hadi kuingia kwenye kiganja. Imepungua ukubwa, ndugu zangu. Kazi ya mwenye kuibeba haikupungua kwa kiwango hichohicho.

Sasa tushuke kwenye mwili. Kongosho lenye afya hufanya kazi mbili. Linadondosha insulini kidogokidogo usiku na mchana, hata ukiwa umelala na njaa; hiyo tuiite insulini ya msingi. Na unapokula linatoa nyingi kwa mkupuo. Hiyo ni insulini ya chakula. Sindano zote na pampu zote zinajaribu kuiga kazi hizo mbili. Tofauti ni namna zinavyoiga.

Wengi humu ukumbini watoto wao wako kwenye sindano mbili za Mixtard, asubuhi na jioni. Mixtard 30 ni mchanganyiko uliokwisha kupimwa kiwandani: sehemu 30 ni insulini safi kama maji, ile ya Actrapid, na sehemu 70 ni ya maziwamaziwa, ile ya Insulatard. Ile safi huanza kazi baada ya nusu saa, ina nguvu kati ya saa 2 na 4, inaisha kwenye saa 6 hadi 8. Ile ya maziwa huanza baada ya saa moja au mbili, kilele chake ni kati ya saa 4 na 10 hivi, kisha inafifia.

Tumchukue kijana wa bweni. Saa 1 asubuhi amechoma Mixtard, nusu saa baadaye akanywa uji. Chakula cha mchana ni saa 7. Siku hiyo kuni zimelowa, ugali unaiva saa 9. Nani amesimama kumngoja? Ile insulini ya maziwa haingoji. Iko kileleni, imekuja kwa miadi ya saa 7, imekuta tumbo tupu, sukari inashuka. Kijana anatetemeka, jasho linamtoka, anamjibu mwalimu hovyo, anaambiwa ana kiburi. Hakukosea chochote. Dawa yake ndiyo inayomtaka ale kwa saa, na shule haikula kwa saa.

Jioni ni hivyohivyo. Mixtard ya saa 1 usiku inafika kileleni saa ambazo nyumba nzima imelala, sukari inashuka saa 8 usiku. Kisha inafifia alfajiri, wakati homoni za kuuamsha mwili zinaipandisha sukari. Mama anapima saa 12 asubuhi anakuta imepanda hadi 16, anaongeza dozi ya jioni, na usiku unaofuata mtoto anashuka zaidi. Mmeshaona hiyo? Naona vichwa vinatikisika.

Dawa ya hapo si pampu kwanza. Ni kuzitenganisha zile kazi mbili. Insulini safi kabla ya kila mlo, mara tatu, na ya muda mrefu peke yake wakati wa kulala, kama saa 4 usiku. Sindano nne. Mlo ukichelewa, na sindano yake inachelewa. Usipokula, huchomi ya chakula. Ya msingi inabaki. Anayeweza kupata glargine, insulini nyingine ya muda mrefu, kwa ya msingi ni bora zaidi, maana haina kilele kikali na hukaribia saa 24. Ila hiyo haichanganywi na nyingine kwenye bomba moja.

Mtasema: sindano nne, mtoto atakubali? Sikilizeni kisa cha watu 1,441. Walikuwa Marekani na Kanada, wa miaka 13 hadi 39, wote wana kisukari aina ya kwanza. Utafiti wao ulianza 1983 ukaisha 1993. Nusu walibaki na sindano moja au mbili kama desturi ya wakati ule. Nusu nyingine walipewa sindano tatu au zaidi kwa siku, au pampu, wakapima mara nne kwa siku na kurekebisha dozi wenyewe. Kipimo cha miezi mitatu, yaani HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari, kikakaa karibu asilimia 7 kwa hawa, na karibu 9 kwa wale. Kwa waliokuwa na macho mazima, hatari ya macho kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Hata hivyo sukari kushuka vibaya ilikuwa mara tatu zaidi kwa waliobana sukari, nalo lisifichwe.

Mmelisikia lile neno "au"? Sindano tatu au zaidi, AU pampu. Waliwekwa kapu moja. Kilichookoa macho ni kile kilichofanyika kwenye kapu hilo: insulini ya chakula kwa chakula, ya msingi kwa msingi, kupima, kurekebisha. Ndiyo maana leo tunasema ngazi ya kwanza ndiyo ndefu. Kutoka sindano mbili kwenda nne ni hatua kubwa kuliko kutoka nne kwenda pampu.

Na ngazi hiyo ina hesabu yake. Msiogope, ni ya darasa la tano.

Tuseme binti anatumia yuniti 32 kwa siku nzima, ya msingi na ya chakula pamoja. Chukua 500, gawa kwa 32: 15 na ushei. Maana yake yuniti moja inabeba gramu 15 za wanga. Chukua 100, gawa kwa 32: kama 3. Maana yake yuniti moja inashusha sukari kwa 3 hivi, kwenye mashine zetu zinazosoma milimoli. Ugali wa gramu 200, donge la ngumi kubwa, una wanga wa gramu 60 kwa kukadiria. Sitini gawa kwa kumi na tano ni 4. Amepima kabla ya kula amekuta 13, anataka 7. Ziada ni 6, gawa kwa 3, ni 2. Nne na mbili, yuniti 6. Basi.

Hesabu hizi ni za kuanzia. Kliniki itazinyoosha baada ya kuona daftari lake la vipimo. Lakini angalieni: mwenye pampu anafanya hesabu ileile. Pampu inamsaidia kugawa, na inakumbuka insulini ya saa mbili zilizopita ambayo bado inafanya kazi, isije ikarundikwa juu ya nyingine. Lakini gramu 60 za ugali nani anazijua? Si pampu. Kwa hiyo mzazi akiuliza "mtoto wangu yuko tayari kwa pampu?", swali letu la kwanza halihusu pesa. Tunasema: nionyeshe daftari.

Kabla hatujafika kwenye pampu yenyewe, sindano nazo zina makosa yake, na makosa hayo hayatibiwi kwa kununua mashine.

Kosa la bomba. Insulini yetu ni ya yuniti 100 kwa mililita. Bomba lake lina kifuniko cha rangi ya chungwa na limeandikwa U-100. Yapo mabomba ya U-40, mara nyingi yana kifuniko chekundu. Ukivuta "yuniti 10" za insulini yetu kwa bomba la U-40, umechoma 25. Mara mbili na nusu! Soma maandishi ya bomba kila unaponunua, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kosa la kuchanganya. Insulini ya maziwa hukaa na machicha chini. Ibiringishe viganjani mara 10, ipindue juu chini mara 10, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Kama unaweka 6 za safi na 12 za maziwa kwenye bomba moja: ingiza hewa ya 12 kwenye ya maziwa, toa sindano bila kuvuta dawa. Ingiza hewa ya 6 kwenye ile safi, vuta 6. Rudi kwenye ya maziwa, vuta taratibu hadi mstari wa 18. Ukipitiliza, mwaga uanze upya, usirudishe chupani. Safi kwanza, maziwa baadaye, kwa sababu tone la maziwa likiingia kwenye chupa safi, chupa hiyo haitakuwa ya haraka tena.

Kosa la mahali. Kijana amegundua sehemu moja ya paja haiumi. Anachoma hapohapo miezi sita. Haiumi kwa nini? Kwa sababu pameota kinundu cha mafuta, na insulini ikiingia humo inanyonywa inavyotaka yenyewe. Dozi inapandishwa na kupandishwa. Siku anahamia tumboni, kwenye ngozi nzima, dozi ileile inamwangusha. Papasa kwa vidole, usitazame tu. Hama kwa vidole viwili kila sindano, kaa mbali na kitovu kwa vidole vitatu, na ukikimbia kinundu, punguza dozi kwa ushauri wa kliniki na upime zaidi siku hizo. Anayetumia kalamu ya insulini atoe yuniti 2 hewani kwanza aone tone, na akishachoma ahesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa.

Sasa pampu. Nzuri yake iko wapi hasa?

Iko kwenye vipimo vidogo na kwenye kubadilika. Mtoto mchanga wa kilo 8 anaweza kuhitaji yuniti 5 tu kwa siku nzima; bomba la kawaida lina mstari wa yuniti moja moja, utamgawiaje? Pampu hutoa 0.05 kwa saa bila kutetereka. Yule wa sukari ya alfajiri, pampu unaiambia iongeze kuanzia saa 9 usiku hadi saa 2 asubuhi, kisha irudi chini. Mcheza mpira anaipunguza saa moja kabla ya mazoezi. Hakuna sindano ya muda mrefu inayoweza hayo, maana ukishaichoma huwezi kuichomoa.

Kuianza kuna utaratibu. Aliyekuwa anachoma yuniti 40 kwa siku hupunguzwa kama asilimia 20, ziwe 32. Nusu yake, 16, ndiyo ya msingi. Gawa kwa saa 24: karibu 0.65 kwa saa. Kisha siku kadhaa za kupima hadi usiku wa manane.

Ila sikilizeni hapa, na kama mtasahau yote mengine mbaki na hili. Ndani ya pampu kuna insulini ya haraka TU. Hakuna ya muda mrefu. Anayechoma sindano nne akisahau moja, bado ya msingi iko chini ya ngozi inamlinda. Mwenye pampu hana akiba. Mrija ukikatika, insulini iliyobaki mwilini ni ya saa chache.

Tumuone huyo binti tena, sasa ana pampu. Saa 3 usiku amebadilisha kanula, amelala. Plasta imelowa jasho, kanula imechomoka milimita chache, insulini inadondokea shukani. Kengele italia? Haitalia. Kengele ya kuziba husikia msukumo unapokuwa mzito, na hapa hakuna kizuizi, dawa inamwagika vizuri kabisa. Hata kanula ikijikunja, kwa dozi ndogo ya usiku msukumo unaweza kuchukua saa kadhaa hadi kengele ilie. Sukari inapanda, ketoni zinafuata, ile asidi ya mwili unaochoma mafuta kwa kukosa insulini, na ndani ya saa 4 hadi 6 anaweza kuanza kutapika. Nyumbani watasema malaria.

Kwa hiyo sheria ya nyumba yenye pampu: kanula haibadilishwi wakati wa kulala. Badilisha asubuhi au alasiri, pima baada ya saa 2. Sukari ikizidi 14 bila sababu, pima ketoni kwa kijiti cha mkojo au cha damu. Bonyeza pampu mara moja kurekebisha. Baada ya saa moja haijashuka? Usibonyeze tena. Ketoni zipo? Usingoje hata hiyo saa moja. Chukua bomba la sindano, choma dozi ya kurekebisha kwa mkono, kisha badilisha kikasha, mrija na kanula, vyote, hata kama vinaonekana vizima. Akitapika, hospitali.

Mmesikia? Chukua bomba la sindano. Mwenye pampu anaishi na sindano kwenye mkoba wake, na insulini ya muda mrefu nyumbani, na karatasi yenye dozi zake za zamani, kwa siku ambayo mashine itakufa. Nayo itakufa siku moja, ni mashine.

Sasa, je, ukimpa mtu pampu atashinda wa sindano? Waingereza walijaribu. Watu wazima 317 walipangiwa kozi moja ya kuhesabu wanga na kurekebisha dozi. Nusu wakaendelea kwa sindano nyingi, nusu kwa pampu. Majibu yalitoka 2017, baada ya kufuatiliwa miaka miwili. Vipimo vya makundi yote mawili vilishuka, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo, haikutosha kusema pampu imeshinda. Mwaka 2019 yakatoka ya watoto karibu 300 waliogunduliwa upya: baada ya mwaka mmoja wa pampu hawakuwa mbele ya wa sindano, na gharama yao ilikuwa juu. Na hata kabla ya hapo, mwongozo wa Uingereza wa 2008 haukusema kila mtu apewe. Ulisema kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 12: wale waliojaribu sindano nyingi kwa bidii wakabaki na sukari inayoshuka vibaya, au kipimo cha miezi mitatu kikabaki asilimia 8.5 na kuendelea. Na watoto chini ya hapo, sindano nyingi zikishindikana.

Kwetu kuna maswali mengine ambayo mwongozo ule haukuyajua. Pampu ya zawadi inakuja mara moja. Kanula inahitajika 10 kwa mwezi, weka 12 maana zinaharibika, vikasha 10, na insulini ya haraka, ambayo siyo ile Actrapid na Insulatard ya kliniki zetu nyingi. Kila ukijaza mrija mpya unapoteza yuniti 10 hivi. Ndugu wa ughaibuni akiuliza bei ya pampu, mwambieni aulize bei ya mwezi, kisha azidishe kwa 48. Kama hawezi miaka minne, hela hiyohiyo inunue vijiti vya kupimia na kalamu. Hapo hatumung'unyi maneno.

Na joto. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha, ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa inavumilia hadi siku 28 ikiwa chini ya 30. Ndani ya pampu insulini imegusana na mwili, na juani kwenye bodaboda inaweza kuzidi 37, hapo itupwe. Wasio na friji wana mtungi. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa kulowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo, insulini ndani ya mfuko usiopitisha maji. Dodoma unapoza vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Pwani wakati wa masika maji hayakauki upesi, kwa hiyo weka kipimajoto ndani, usiamini mkono.

Kwenye meza ile ya pembeni kuna mabomba ya U-100 na U-40 yamewekwa pamoja makusudi, kalamu, kanula mbili na machungwa. Kila mzazi achanganye 6 na 12 za maji, afike mstari wa 18 bila kusaidiwa, na vijana waingize kanula kwenye chungwa kisha waivute kidogo waone inavyomwaga kimyakimya. Machungwa hayo ni ya kuchomwa, jamani, si ya kula. Maswali sasa. Mama mwenye kitenge cha njano ameinua mkono tangu tulipotaja mtungi, tuanze naye.